Taya, mbele ya sikio au pembe ya jicho: mpigo upi wa uso ushike, na lini

Siku moja niliwakalisha wanafunzi sita wa utabibu kwenye benchi nje ya wodi, nikawaambia kila mmoja atafute mpigo usoni mwa jirani yake. Mkononi hawana taabu: vidole viwili chini ya gumba, macho kwenye saa, basi. Usoni wakababaika. Watano walikwenda moja kwa moja shingoni, wakasema wameupata. Shingo si uso. Wa sita, kijana wa Lamu, alimshika mwenzake kidevu kwa mkono mmoja, akapitisha vidole vya mkono wa pili chini ya taya, akasimama mahali pamoja na kuanza kuhesabu. Hakupapasapapasa. Nilipomuuliza alijifunzia wapi akacheka: "Nitakwambia baadaye, mwalimu."

Nayaandika haya kwa ajili ya wale watano na wenzao: mwanafunzi wa uuguzi, mhudumu wa gari la wagonjwa, tabibu wa zahanati ambaye mgonjwa wake amefungwa plasta mikono yote miwili. Usoni pana sehemu tatu za kushika: ukingo wa taya, mbele ya sikio, na eneo la pembe ya ndani ya jicho pamoja na nyusi. Vitabu vingi huzitaja kwa pumzi moja, kana kwamba ukikosa hii unachukua ile. Sivyo. Kila moja ina swali lake, na ukiuliza swali la moja kwa nyingine utapata jibu la uongo. Kama unachotaka ni hesabu tu, na mkono upo, shika mkono. Uso ni wa pale mkono haufikiki, au pale ambapo tatizo lenyewe liko kichwani.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Ukimwambia mgonjwa unataka kushika "mshipa wa uso", huenda akadhani unasema neva, kwa sababu mshipa kwetu ni karibu kila kitu kirefu kilichomo mwilini: unaopitisha damu, unaovuta mgongoni, hata maradhi ya wanaume ya kuvimba korodani huitwa mshipa. Mimi humwambia, "Nataka kusikiliza mapigo yako hapa," huku nikijigusa uso wangu mwenyewe. Humu nitasema ateri kwa mrija unaotoa damu moyoni na vena kwa unaoirudisha.

Ateri ya taya na ile ya mbele ya sikio ni ndugu. Shingoni, usawa wa juu wa kikoromeo, ateri kubwa ya karotidi hugawanyika mbili. Tawi la ndani hupanda kwenye ubongo na jicho bila kutoa kitu chochote shingoni. Tawi la nje ndilo linalolisha uso na ngozi ya kichwa, na ndugu hawa wawili ni watoto wake. Pembe ya jicho ni jambo la pekee, kwa kuwa hapo damu ya tawi la nje hukutana na damu ya tawi la ndani. Liweke akilini hilo, tutalihitaji.

Taya

Mwambie mgonjwa aume meno. Msuli wa kutafunia utatuna karibu na kona ya taya. Fuata ukingo wa mbele wa huo mtuno, shuka nao mpaka ukutane na ukingo wa chini wa taya. Kwa watu wazima wengi ni kama sentimita 3 mbele ya kona. Ukipapasa vizuri unakuta kibonyeo kidogo mfupani. Sasa mwambie alegeze meno, maana akiendelea kuyauma utasikia msuli tu. Weka ncha ya kidole cha shahada na cha kati, bonyeza kuelekea kwenye mfupa, si chini yake kwenye nyama laini. Halafu punguza nguvu. Punguza tena. Wengi wanaoukosa mpigo huu wameuua wenyewe: ateri ni nyembamba, nyuma yake pana mfupa mtupu, na kidole kizito huibana ikawa bapa.

Ukishaupata utagundua kwamba hautulii. Ateri hii huteleza chini ya kidole kama tambi iliyoiva. Haikunyooka, imejikunjakunja toka tayani hadi kando ya pua, na ina sababu: shavu hunyooka kila tunapocheka, kutafuna na kupiga miayo, na mrija ulionyooka ungevutwa kila mara. Vena yake hupita nyuma tu ya ateri, ikiwa imenyooka zaidi. Juu ya zote mbili hupita tawi dogo la neva ya uso linaloshusha mdomo wa chini. Kidole hakiidhuru. Kisu ndicho kinachoidhuru, na aliyekatwa hapo mdomo wake wa chini huenda upande anapocheka.

Taya hunishinda mara ngapi? Mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mtu mnene, mpigo umezama. Mwenye jipu la gego, shavu limejaa na linauma, na ukimbonyeza atakurushia mkono. Aliyevunjika taya usimguse hapo kwa ajili ya kuhesabu mapigo. Matubwitubwi nayo hufunika kona ya taya na mbele ya sikio kwa pamoja, kwa hiyo yanakunyima sehemu zote mbili. Na kwa watoto wa ukanda wetu kuna uvimbe wa taya unaokua kwa kasi, ule alioueleza daktari wa upasuaji Denis Burkitt mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Uganda, ambao hata leo unabeba jina lake. Ukikuta taya la mtoto limejaa hivyo upande mmoja na meno yanalegea, sahau mpigo. Mwandikie rufaa siku hiyo hiyo.

Lakini kuna mahali ambapo taya haina mpinzani, nami nimeishi huko miaka mingi: kichwani pa kitanda cha upasuaji. Kazi yangu ya siku zote ni kuwapa wagonjwa usingizi wa upasuaji. Mgonjwa amelala, mikono iko chini ya mashuka ya kijani, daktari wa upasuaji na msaidizi wake wamesimama pande zote mbili, na wewe huwezi kuingiza mkono humo bila kuchafua kila kitu. Umeshika barakoa ya hewa: gumba na shahada juu yake, vidole vitatu vilivyobaki vimelinyanyua taya. Basi vidole hivyo vitatu tayari viko njiani. Sogeza kimoja nusu sentimita, na mpigo unakujia kidoleni bila kuachia barakoa. Umeme ukikatika na mashine ya kupimia oksijeni ikanyamaza, mpigo unao bado. Nimewahi kukaa hivyo dakika kadhaa kwenye giza nikisubiri jenereta liwake, nikimhesabia mpasuaji kwa sauti ili ajue mgonjwa wake yupo.

Ila usijidanganye na nguvu ya mpigo huo. Mgonjwa aliyepewa ketamini hudunda vizuri tayani kwa sababu dawa yenyewe hupandisha mapigo na presha. Hiyo si ruhusa ya kuacha kuangalia rangi ya ulimi na kifua kinavyopanda.

Madaktari wa meno wana sababu yao wenyewe ya kulijua taya. Ateri hupanda juu ya mfupa karibu kabisa na usawa wa magego ya chini. Anayepasua jipu la jino kwenye mfuko wa shavu pale, akazama kuliko inavyotakiwa, atakutana nayo. Mzee mmoja aliyenifundisha alikuwa haweki kisu mpaka ameupapasa mpigo kwa nje na kuacha kidole juu yake muda wote wa kazi, kama anayeshikilia ukurasa wa kitabu asipotee.

Mbele ya sikio

Hapa mambo ni mepesi zaidi. Kuna kile kinyama kigumu kinachofunika tundu la sikio kwa mbele. Weka kidole mbele yake, usawa wa sehemu yake ya juu, pale unapousikia mfupa wa shavu ukiishia. Mwambie mgonjwa afungue na kufunga mdomo mara moja. Kama chini ya kidole kuna kifundo kinachotembea, umeshuka mno, hicho ni kichwa cha taya, panda kidogo. Ateri ya panja huvuka juu ya mfupa ikiwa chini ya ngozi tu, haina mafuta mengi ya kuificha. Kisha hupanda kichwani na, sentimita chache juu ya mfupa wa shavu, hugawanyika: tawi moja kwenda kwenye paji la uso, jingine kwenda utosini.

Kwa anayeanza, na mgonjwa aliye macho, mimi nachagua hapa kuliko taya bila kusita. Haitelezi sana, hata mtu mnene inapatikana, na mtoto aliyelala usingizi unaweza kumhesabia bila kumwamsha. Hilo la mtoto ni kubwa. Mtoto akiamshwa analia, akilia mapigo yanapanda, na unachoandika kwenye kadi ni mapigo ya kilio.

Kosa la kawaida ni kuhesabu mtu akiwa anaongea au anatafuna. Msuli wa panja hutikisika kwa kila neno, nawe unaandika mapigo 130 ya mtu mwenye 80. Mwombe anyamaze. Wazee wetu hawapendi kuambiwa wanyamaze, kwa hiyo huwa nauliza kwa njia nyingine:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Bibi, nakuomba nikusikilize mapigo hapa karibu na sikio. Tutulie kidogo, mimi na wewe, mpaka nikwambie."

"Haya, baba. Lakini sikio siumwi mimi, naumwa goti."

Na hapo lazima niseme jambo ambalo miongozo hailigusi. Pwani, uso wa mtu hauguswi hivi hivi. Mama aliyevaa nikabu, taya lake limefunikwa; aliyejifunga ushungi, mbele ya sikio pamefunikwa. Ukimshika mkono umemaliza kazi bila kumvua kitu. Kama ni lazima uso, mwite muuguzi wa kike, vuta pazia, mwachie yeye mwenyewe alegeze vazi lake. Mtu akikataa, ana haki yake, nawe bado una mkono, kiwiko na paja. Hata kilemba kilichokazwa au nywele zilizosukwa zikavutwa sana hubana ngozi ya panja. Usishangae mpigo ukiwa hafifu kwa bi harusi.

Mbele ya sikio ni mahali pa magonjwa pia, na hapa ndipo panapolizidi taya kwa mbali.

La kwanza ni la wazee. Mwaka 1890, Jonathan Hutchinson wa London aliandika kuhusu mzee aliyeshindwa kuvaa kofia kwa sababu ya michirizi myekundu yenye maumivu kichwani. Michirizi hiyo ilikuwa ateri za panja zilizovimba. Mwaka 1932 Bayard Horton na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, wakaueleza ugonjwa huo kwa undani. Humpata mtu aliyevuka miaka 50, na zaidi wale wa miaka ya 70: maumivu mapya ya kichwa kwenye panja, ngozi ya kichwa kuuma akichana nywele, taya kuchoka akitafuna nyama na kupona akipumzika. Ukishika ateri unakuta ni ngumu kama kamba, inauma, na mpigo umepungua au haupo kabisa. Hatari yake ni jicho. Linaweza kupofuka ghafla na lisirudi, na la pili likafuata baada ya siku chache. Kwa hiyo anayeshukiwa huanzishwa prednisoloni ya dozi kubwa, kwa kawaida miligramu 40 hadi 60 kwa siku, bila kusubiri majibu ya kipande cha ateri kilichokatwa kwa uchunguzi.

Kwa haki niseme ugonjwa huu ni wa Ulaya ya kaskazini kuliko sisi. Kwa Waafrika ni nadra. Wenzetu wanaofanya kazi katika nyumba za wazee Uingereza au Norway watakutana nao kabla yangu. Huku kwetu mtu akisema panja linamdunda, mara nyingi ni kipanda uso, na mpigo wake utaukuta laini na wenye nguvu pande zote mbili. Lakini mzee wa miaka 72 ambaye hakuwahi kuumwa kichwa maishani, usimwandikie paracetamol akaenda zake. Mshike panja kwanza. Inachukua nusu dakika.

Na usiogope kila ateri inayoonekana. Wazee wembamba wana ateri ya panja iliyochomoza, yenye mikunjo, inayodunda mpaka unaiona toka ng'ambo ya meza. Kama ni laini, haiumi na ina mpigo, ni umri tu.

La pili ni la vijana, na kwa enzi hizi za bodaboda linastahili kuandikwa kwa wino mzito. Kijana amepigwa au ameanguka, akagonga panja. Jeraha likapona. Wiki chache baadaye anakuja na kivimbe mbele ya sikio au kwenye paji, laini, hakina usaha unaoonekana, na jirani amemshauri kikamuliwe. Weka kidole kabla ya kitu kingine chochote. Kama kinadunda sawa na mpigo wa mkononi, na ukibonyeza ateri chini yake kinanyamaza, hicho si jipu. Ateri ilipasuka ikajitengenezea mfuko. Nilimwona mmoja ambaye kwenye duka la dawa fulani wembe ulikuwa umeshafunguliwa karatasi, aliyemwokoa ni mama yake aliyesema, "Mbona hili jipu linapumua?"

Damu inapomwagika

Kwa kuzuia damu, sehemu hizi mbili hazilingani. Kwanza bonyeza jeraha lenyewe kwa kitambaa safi. Hilo halina mjadala. Kama haitoshi, jeraha la panja au paji la uso hupungua sana ukikandamiza ateri mbele ya sikio juu ya mfupa. Shavu na mdomo, kandamiza tayani. Ila mdomo una hila: ateri za kulia na kushoto huungana katikati, ukifunga upande mmoja damu inaletwa na upande wa pili. Hivyo kwa mdomo uliochanika, acha taya, ubane mdomo wenyewe kati ya gumba na shahada pande zote mbili za jeraha. Utasikia mpigo mdogo upande wa ndani, karibu na utando laini. Ndiyo ateri yenyewe umeibana.

Pembe ya jicho na nyusi

Sehemu ya tatu si ya kuhesabia. Anayekuambia anahesabu mapigo kwenye pembe ya jicho anakutania. Hapa unauliza swali moja: damu inayofika kwenye jicho na ubongo upande huu inapita njia gani?

Kumbuka makutano niliyoyataja. Kwa mtu mzima wa afya, karotidi ya ndani hulisha jicho, na matawi yake madogo hutokeza nje kwenye nyusi na kwenye kona ya pua. Mkondo unatoka ndani kuja nje. Sasa chukua mtu ambaye karotidi yake ya ndani imeziba. Ubongo una njaa, na ile njia ndogo ya nyusi hugeuza mkondo: damu ya uso, iliyotoka karotidi ya nje, huingia ndani kupitia tundu la jicho. Ateri za uso upande ule zinabeba mzigo mpya na kudunda zaidi. Mwaka 1970, C. Miller Fisher, bingwa wa maradhi ya ubongo aliyefanya kazi Boston, aliandika juu ya mapigo haya ya uso kwa wagonjwa wa namna hiyo, na madaktari wa ubongo wakaendelea kufundishana kushika sehemu tatu: pembe ya jicho, nyusi na shavu.

Kushika kwake kunataka mkono wa fundi. Simama nyuma ya kichwa cha mgonjwa au mbele yake, weka ncha za vidole pande zote mbili kwa wakati mmoja, kulia na kushoto, uzito wake kama wa mtu anayejaribu kama rangi ya ukuta imekauka. Linganisha. Ukikuta nyusi ya kushoto inadunda na ya kulia kimya, fanya hatua ya pili: msaidizi abonyeze ateri ya taya na ya mbele ya sikio upande uleule unaodunda. Mpigo wa nyusi ukibaki, unatoka ndani, ni wa kawaida. Ukizimika, ulikuwa unalishwa kutoka nje.

Ni kipimo kizuri cha kufikiria kwa vidole, na ndiyo maana nakipenda. Lakini nikiwa mkweli, sijawahi kubadilisha matibabu ya mgonjwa kwa ajili yake peke yake. Watu wengi wenye afya hawana mpigo unaoshikika kwenye pembe ya jicho, kwa sababu ateri ya uso, ileile ya tayani, haifiki huko kwa kila mtu. Kwa baadhi huishia mdomoni au kando ya pua. Kwa hiyo kukosekana kwake si habari. Kutolingana ndiyo habari, nayo inakupeleka kwenye kipimo cha mawimbi ya sauti (ultrasound) cha ateri za shingo kama kipo. Na aliyepooza upande mmoja leo asubuhi anahitaji picha ya CT ya kichwa ili ijulikane ni damu iliyovuja au iliyoganda. Hakuna kidole kitakachokuambia hilo. Usimcheleweshe ukipapasa nyusi.

Kuna hali ya kinyume: mapigo yote ya upande mmoja wa uso, taya na sikio kwa pamoja, yamefifia. Hapo tatizo liko chini zaidi, kwenye karotidi ya nje au shina lake. Kwa mwanamke kijana, chini ya miaka 40, ambaye na mkono wake hauna mpigo au presha ya mikono miwili inatofautiana sana, kumbuka ugonjwa alioueleza daktari wa macho wa Japani, Mikito Takayasu, mwaka 1908. Wengine huuita ugonjwa wa kukosa mapigo.

Na shingo je?

Wanafunzi wangu watano hawakuwa wajinga. Mtu aliyeanguka, haitiki, hapumui, usimtafute usoni hata sekunde moja. Shingo, upande mmoja, sekunde zisizozidi 10, kisha mikono kifuani. Mtoto mchanga, ndani ya mkono juu ya kiwiko. Asiye mhudumu wa afya hatakiwi hata kutafuta mpigo. Miongozo ya mwaka 2000 ilimwondolea kazi hiyo, na siku hizi anaambiwa aanze kusukuma kifua kama mtu haitiki na hapumui kawaida, kwa sababu watu wa kawaida wakitafuta mpigo hukosea na kupoteza muda.

Uso una jambo moja ambalo kwalo unaishinda shingo, nalo ndilo linalonifanya niufundishe. Shingoni huruhusiwi kushika kulia na kushoto kwa pamoja: unaweza kupunguza damu ya ubongo, na pale karotidi inapogawanyika pana kihisio cha presha ambacho ukikikandamiza moyo unaweza kupunguza kasi ghafla. Usoni unashika pande zote mbili pamoja bila hofu, na vidole vya binadamu vinalinganisha vizuri kuliko vinavyokumbuka. Ukishika kulia, ukaachia, ukashika kushoto, tayari umesahau nguvu ya kulia.

Kuna kanuni moja ya zamani ambayo bado naisikia: kwamba mpigo wa mkononi ukishikika presha ya juu ni angalau 80, wa pajani 70, wa shingoni 60. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 uliwapima wagonjwa waliopungukiwa damu na kukuta namba hizo zinawapa presha kubwa kuliko waliyo nayo. Mpangilio wa kupotea ndio ulio kweli: mkono kwanza, kisha paja, shingo mwisho. Kwa uso hakuna namba za aina hiyo hata za kubahatisha, kwa hiyo mtu asikutungie.

Usitumie gumba. Nina kisa cha ujana wangu cha kuandika mapigo 96, ya kwangu mwenyewe, nilipokuwa nimepanda ngazi mbio. Ukiwa na shaka, mkono wako mwingine ushike mkono wa mgonjwa. Mapigo ya uso na ya mkono yaende pamoja. Yasipokwenda pamoja, unajisikiliza. Na kama yanaruka mpangilio, hesabu dakika nzima, si sekunde 15 mara 4.

Yule kijana wa Lamu alinijibu jioni, tukinywa chai. Mjomba wake anafanya kazi na punda. Kisiwani mle, ambako hospitali ya punda imekuwepo tangu mwaka 1987, mnyama akilegea hakuna anayemshika mguu kutafuta mapigo. Husimama kando ya kichwa, mkono mmoja kwenye hatamu, wa pili unapita chini ya taya mpaka vidole viikute ateri inayoteleza juu ya mfupa, ileile yetu, nene tu zaidi. Punda aliyetulia huhesabu arobaini na kitu kwa dakika. "Punda humwambii aume meno," akaniambia. "Unasubiri amalize kutafuna."

Wiki iliyofuata nilimweka yeye mbele ya benchi, mimi nikakaa na wale watano.